Waya wa Kondele

Tairi likiungua haliishi.
Mpira huenda zake na moshi,
hubaki waya: matanzi ya rangi ya kutu
yamelala lamini kama nywele chini ya kiti cha kinyozi.
Wanunuzi wa vyuma chakavu hawautaki,
wanasema umekufa, hauna uzito kwenye mizani.
Mimi nautaka.

Asubuhi ya baada ya maandamano nafika Kondele
kabla ya wafagiaji wa kaunti,
na gunia la mbolea, na koleo ya marehemu Ogola,
ile ya mpini mmoja wa plastiki, mwingine uchi.
Nachagua. Waya wa ukingoni ndio mfupa,
mnene, mkaidi, ukishaukunja umeukunja.
Huo ni wa chasisi.
Ule mwembamba wa kati ni uzi tu,
wa kushonea bodi, wa kufungia taa.

Nausugua kwa mchanga na maji ya sabuni
mpaka masizi yatoke. Ya vidoleni hayatoki.
Mama Akeyo anayeniuzia uji
amenitengea kikombe changu, chenye alama ya rangi ya kucha.

Sasa sikiliza, Rading', wewe unayesema unajua:
magurudumu ni ya ndala, si ya vifuniko vya soda.
Kifuniko hupiga kelele na kuteleza.
Ndala iliyokanyagwa mwaka mzima imeshashikana.
Lowesha wembe,
kisha zungusha ndala, usizungushe wembe.
Ekseli ipitie ndani ya mrija wa kalamu iliyoisha wino,
hapo itazunguka bila kunung'unika.
Na usukani, hapa wengi hushindwa,
usukani uwe na shingo ndefu mpaka kiunoni mwa mtoto,
maana dereva wa gari hili hutembea kwa miguu
na injini ni mdomo wake.

Alhamisi alikuja mtu.
Hakuvaa sare, lakini viatu vilikuwa vilevile.
Nikaweka koleo chini,
mikono juu ya meza, mahali inapoonekana.
Akainua lori, akalipindua, akahesabu magurudumu.
Bei gani?
Nikataja bei ya kila mtu, kisha nikaogopa nikaipunguza.
La, ile ya kwanza, akasema.
Ni la msichana. Ana miaka sita.
Unda lingine, ila lisiwe na mabenchi pale nyuma.
Analijua lori la mabenchi. Halipendi.

Nikamwundia la kubeba miwa.
Siku mbili nzima. Nguzo pembeni,
mnyororo kutoka kwa mkufu uliokatika,
mlango unaofunguka kweli.
Aliporudi aliuliza waya nautoa wapi.
Barabarani, nikasema.
Akaitazama barabara. Nami nikaitazama.
Alama nne nyeusi bado zilikuwa mbele ya duka la dawa,
za mviringo, kama sufuria zimeepuliwa zikatuliwa pale.
Bodaboda ikapita juu ya moja, na abiria wawili na godoro.
Hakuna aliyesema neno.

Halafu akalisukuma lori mezani, taratibu,
ameinama, sikio karibu na ubao.
Gurudumu la nyuma linalia.
Tone la mafuta, nikasema. Hata ya kupikia.
Akalipa noti zilizokunjwa mara nne,
akaliweka kwapani, usukani umechomoza begani
kama antena ya redio ya zamani,
akaondoka nalo kwa barabara ileile.

Nilisikia, au nilidhani nasikia,
kabla hajafika kona,
mtu mzima akijaribu gia ya kwanza kwa midomo.